Parachichi Lina Njia, Mwenyewe Hana

Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi baina ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulitiwa sahihi mjini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, ukaanza kutekelezwa tarehe 1 Julai 2024. Kwa mkataba huo maua yetu, kahawa yetu, mboga na matunda yetu huingia katika soko la Ulaya bila kutozwa ushuru wa forodha na bila kuwekewa kipimo cha wingi. Ni jambo la kushukuriwa, nami nilikuwa miongoni mwa walioshukuru. Walakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja ambalo sijapata kulisikia katika hotuba yoyote: ikiwa tunda limefunguliwa mlango, aliyelipanda atapitia wapi?

Swali hilo sikulitoa kitabuni. Lilibisha hodi nyumbani kwangu jioni moja ya Januari mwaka huu, likiwa mkononi mwa mama mmoja kutoka Murang'a, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wapatao 40 wanaokuza maparachichi aina ya Hass. Marehemu mumewe nilisoma naye, na kwa hiyo tumekuwa watu wa kutembeleana. Siku hiyo hakutaka hata chai. "Mzee," akaniambia, "wewe ni mtu wa kalamu. Nisomee karatasi hii, kisha uniambie kama huyu ni mimi."

Ilikuwa taarifa ya benki ya miezi sita. Jina lilikuwa lake, na nambari ya akaunti ilikuwa yake. Shilingi 1,800,000 zilizoandikwa chini kabisa hazikuwa zake, wala hajapata kuziona. Dalali aliyemwahidi viza ndiye aliyemtungia utajiri huo kwa kompyuta, kwa malipo ya shilingi 45,000.

Yaliyotangulia ni haya. Mnunuzi mmoja wa Ujerumani alikuwa amemwandikia barua mwezi wa Oktoba kumwalika Berlin, mji mkuu wa nchi hiyo, ambako kila mwanzo wa Februari hufanyika Fruit Logistica, maonyesho makubwa ya biashara ya matunda na mboga. Msomaji asiyelima parachichi huenda asitambue uzito wa tarehe hiyo. Msimu mkuu wa Hass kwetu huanza yapata mwezi wa Machi. Kabla ya hapo serikali huwa imefunga uvunaji ili matunda machanga yasipelekwe nje yakatuharibia jina. Mkulima anayekutana na mnunuzi mwezi wa Februari huingia katika mavuno akiwa na bei mkononi. Asiyekutana naye humngoja dalali wa shambani, anayekuja na pikipiki na magunia, akahesabu tunda moja moja na kutaja bei ambayo mkulima hana la kuijibu. Kwa hiyo barua ile haikuwa mwaliko wa kwenda kutazama theluji. Ilikuwa bei ya mwaka mzima ya nyumba 40.

Kikundi kikakutana, kikachanga, na jambo la kwanza walilofanya, kwa furaha na kwa nia njema, likawa kukata tiketi ya ndege. Tiketi ya bei nafuu, kwa maana ya ile isiyorudishiwa pesa. Ya pili likawa kumtafuta mtu "anayejua mambo ya ubalozi". Ubalozi wenyewe haukuguswa, wala fomu haikujazwa. Dalali alikuwa akisema "kesho" tangu Novemba, na ilipofika siku ile aliyoniletea karatasi, maonyesho yalikuwa yamebakia siku 12.

Nilimwambia ukweli, nao ulikuwa mchungu. Kanuni za viza ya Schengen, ambayo hutolewa kwa pamoja na nchi 29 za Ulaya, zinataka ombi lipelekwe si zaidi ya miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Likishapokelewa, ubalozi una siku 15 za kuamua, na unaweza kujiongezea hadi 45 ukiona haja. Siku 12 hazikutosha hata zingekuwa za malaika. Nikamwambia pia kwamba karatasi ile, lau angeipeleka, isingemnyima safari moja tu. Habari za kila mwombaji huwekwa kwa miaka 5 katika hazina moja ya kompyuta inayosomwa na balozi zote za Schengen, na aliyewasilisha hati ya uongo Berlin atakumbukwa Paris na Madrid. Aliichana karatasi papo hapo, vipande vinne. Tiketi ikateketea, na shilingi 45,000 hazijaonekana hadi leo.

Sisemi haya ili nimcheke. Nayasema kwa sababu naamini wako wengi kama yeye, watu wazima wenye akili na biashara ya kweli, ambao hushindwa si kwa kukosa haki ya kusafiri bali kwa kuianza safari kwa upande wa mkiani. Tangu Agosti mimi naye tumekuwa tukiitayarisha safari ya Februari ijayo, na katika kazi hiyo nimejifunza mambo ambayo nisingependa kufa nayo.

Kwanza, tiketi ni ya mwisho. Kinachohitajika wakati wa kuomba ni uthibitisho wa nafasi iliyowekwa, ya kwenda na kurudi, na nafasi kama hiyo huweza kuwekwa bila kulipia tiketi yenyewe. Hoteli vilevile: wakati wa maonyesho vyumba vya Berlin hupanda bei na kujaa, basi chumba kitafutwe mapema, lakini kiwe kile kinachoweza kufutwa bila hasara. Ombi lenyewe hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo shabaha kuu ya safari. Anayekwenda Berlin siku nne na kupitia Amsterdam saa mbili za kubadilisha ndege ni mgeni wa Wajerumani, wala asidanganywe na wanaosema kwamba ubalozi fulani ni "mrahisi" zaidi. Pasipoti nayo iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na kurasa 2 tupu. Bima ya safari iwe ya kugharimia matibabu yasiyopungua euro 30,000. Makampuni ya Nairobi yanaiuza, na kwa safari fupi bei yake haiumizi. Ada ya viza ni euro 90 tangu Juni 2024, yaani shilingi 13,000 na zaidi, nayo hairudishwi hata ukikataliwa. Haya yote mtu anaweza kuyasoma mwenyewe, bila kumlipa dalali hata ndururu.

Ugumu uko kwingine. Uko katika mambo mawili ambayo fomu huyauliza kwa upole na ambayo mkulima wetu hushindwa kuyajibu ilhali jibu analo: una fedha gani, na ni kitu gani kitakachokurudisha nyumbani?

Tuanze na fedha. Mama huyu si maskini. Katika msimu uliopita mikononi mwake zimepita fedha ambazo mimi, mtumishi mstaafu, sijazishika kwa miaka miwili. Lakini zilipita kwenye simu. Mnunuzi hulipa kwa M-Pesa, naye huwalipa wavunaji kwa M-Pesa, mbolea kwa M-Pesa, karo ya mjukuu kwa M-Pesa, na zinazosalia huwekwa katika chama cha akiba na mikopo. Akaunti ya benki anayo, ila imekaa kama kisima cha kiangazi. Afisa wa viza akitazama kisima hicho hawezi kuujua mto unaopita kando yake. Ndipo dalali anapopata riziki. Humwambia mtu, lete laki tano za kuazima, tuziweke akauntini siku tatu, tupige chapa, tuzitoe. Afisa aliyekaa kwenye kiti hicho mwaka mmoja ameuona mchezo huo mara mia. Fedha zilizoangukia akauntini juzi kutoka mahali pasipojulikana humtia mtu shaka kuliko ufukara.

Tulichofanya ni kazi ya kuchosha lakini ya halali. Tangu Agosti malipo ya maparachichi yanapitia benki, hata yakiwa madogo. Tumechukua taarifa rasmi ya M-Pesa ya miezi 6 na ile ya chama cha akiba, tukaziambatisha pamoja na barua ya ukurasa mmoja inayoeleza fedha hizo zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Tumetia cheti cha usajili wa kikundi, cheti cha kutodaiwa kodi, kumbukumbu za mkutano uliomteua aende, barua ya mnunuzi yenye tarehe na anwani na neno linalosema nani atalipia nini, na stakabadhi ya kiingilio cha maonyesho. Barua ile ya mwaka jana ilisema tu "karibu Berlin". Karibu ni neno zuri, ila halina gharama ndani yake, nasi tulimwomba mnunuzi aandike upya.

Jambo la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Mama huyu ana miti 200 ya parachichi. Aliyewahi kuotesha mche, akaubebesha kikonyo cha Hass na kungoja miaka mitatu au minne hadi tunda la kwanza, anajua kwamba hakuna mlolongo wa chuma unaomfunga mtu kuliko huo. Nani ataiacha miti 200 inayozaa akaoshe vyombo katika jiji la watu? Lakini miti hiyo imesimama juu ya ardhi ambayo hatimiliki yake ina jina la baba mkwe, aliyefariki zamani. Mirathi haikufanywa. Mumewe aliishi akisema "tutaifanya", akafa akisema "tutaifanya". Hivyo kisheria, kwa macho ya mtu aliyeketi nyuma ya kioo akiwa na dakika chache za kumsikiliza, mama huyu ni mjane asiye na ardhi, asiye na mshahara, mwenye akaunti iliyokauka. Ukimwondolea miti yake huyo ndiye mtu hasa ambaye balozi zimezoea kumshuku kwamba hatarudi.

Hapa naomba nieleweke. Si haki kuzilaumu balozi kwa kila kitu. Wako wenzetu waliokwenda kwa viza za biashara wakayeyukia mijini huko, na kila anayeyeyuka humwachia mwenziwe wa nyuma shaka mlangoni. Kanuni zenyewe zina uungwana ndani yake: anayekataliwa hana budi kupewa sababu kwa maandishi, naye ana haki ya kukata rufani. Lakini huwezi kuniambia pia kwamba mizani imekaa sawa. Mnunuzi yule wa Ujerumani akitaka kuja Murang'a kuyatazama mashamba, haendi kupanga foleni popote. Tangu Januari 2024 Kenya haimdai viza. Hujaza ombi la idhini ya safari kwenye kompyuta akiwa mezani kwake, ambalo ada yake ilipoanza ilikuwa dola 30, akapanda ndege. Hakuna anayemwomba hati ya shamba la baba mkwe wake. Mkataba wa 2023 unawaita watu hawa wawili wabia. Mbia mmoja humtembelea mwenziwe kwa kubonyeza kitufe, na wa pili hutumia miezi 6 kuthibitisha kwamba anapapenda kwao.

Wakubwa wetu wanaweza kufanya nini? Wengi watasema wadai viza ifutwe. Mimi sitadai hivyo, maana najua haitafutwa kesho, na kudai lisilowezekana ni njia mojawapo ya kutofanya lolote. Nadai dogo zaidi. Kanuni za Schengen zinasema kwamba msafiri aliyepata na kuzitumia vizuri viza 3 katika miaka 2 iliyotangulia anastahili viza ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi, na kutoka hapo hupanda ngazi hadi ya miaka 2, kisha ya 5. Ngazi nzuri. Lakini Februari huja mara moja kwa mwaka! Mkulima anayekwenda kwenye maonyesho kila mwaka bila kukosa, akarudi kila mwaka bila kukosa, hatafikisha viza 3 katika miaka 2 hata aishi umri wa mbuyu. Daraja la kwanza la ngazi limewekwa juu ya kimo chake. Mfanyakazi wa shirika kubwa anayeruka kila baada ya miezi michache atalifikia bila kujinyoosha.

Na kwamba ngazi huweza kushushwa si ndoto. Mwezi wa Aprili 2024 Umoja wa Ulaya uliwawekea raia wa India wanaoishi nchini mwao utaratibu wao wenyewe: aliyetumia vizuri viza 2 katika miaka 3 iliyotangulia huweza kupata ya miaka 2 ya kuingia mara nyingi. India iliomba, ikazungumza, ikapewa. Sisi tuliosaini mkataba wa kibiashara ambao majirani zetu hawajausaini tumezungumza nini? Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mjini Berlin makubaliano kuhusu uhamiaji na ajira, ili vijana wetu wenye ujuzi wapate kwenda kufanya kazi huko. Silipingi hilo. Ila naona ajabu kwamba tumekumbuka kumfungulia njia anayekwenda kuuza nguvu zake, tukamsahau anayekwenda kuuza mazao yake na kurudi Ijumaa.

Wala si Wizara ya Mambo ya Nje peke yake. Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Viwanda kinaweza kumsimamia mwanachama wake kwa barua ambayo ubalozi utaiamini, mradi kisimwandikie kila anayebisha. Serikali za kaunti, ambazo hupenda kupeleka ujumbe wa watu wengi kwenye maonyesho ya nje, zingeweza kupunguza viti vya waheshimiwa na kuongeza vya wakulima. (Nimepata kuona picha za ujumbe wa namna hiyo. Nilihesabu tai nyingi, sikuona mikono yenye magaga.) Na suala la mirathi halihitaji Brussels. Hilo ni letu, la mahakama zetu na la wanaume wanaosema "tutaifanya".

Mama huyu sasa amelifungulia shauri mahakamani. Halitaamuliwa kabla ya Februari, hata hivyo nakala ya ombi lenye muhuri wa mahakama imo katika bahasha yake, pamoja na barua ya chifu na picha za miti.

Yaliyobaki ni madogo. Alitaka kubeba maparachichi sita kwenye sanduku ayaonyeshe. Nikamkataza, maana tunda hilo haliingii Ulaya bila cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, na ni aibu kunyang'anywa sampuli kwenye uwanja wa ndege mbele ya watu. Atabeba picha na vipimo. Hati zote za ombi ziwe katika mkoba wa mkononi na si katika sanduku, kwa sababu viza si ahadi ya kuingia. Afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza upya. Huko nako atachukuliwa picha kwa utaratibu mpya ulioanza Oktoba 2025. Berlin wakati huo iko nyuma yetu kwa saa mbili, na baridi yake mwezi wa Februari hugandisha maji. Koti amelipata Gikomba, zito, lenye kitambulisho cha Kijerumani ndani ya kola. Yamkini linarejea kwao.

Juzi tuliketi tukafanya mazoezi. Nilijifanya afisa, nikamuuliza kwa nini atarudi. Nilitarajia aanze habari za shauri la mirathi na vyeti. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Mzee," akasema, "Machi si ni kuvuna?"

Nimemwambia ajibu hivyo hivyo. Miadi yake ni Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi. Atashuka Nairobi Jumatatu alale kwa dada yake Githurai, kwa sababu matatu za alfajiri kutoka Murang'a haziaminiki siku za mvua.